Sare Mbili na Nusu Mita

3 Februari

Mwanangu,
Hujambo? Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Nasikia mjukuu wangu Pini umemtoa shule, unamfundisha mwenyewe kwenye chumba chako cha kushonea. Miaka thelathini nimekuwa mwalimu mkuu, leo binti yangu ananitia aibu hivi! Mrudishe. La sivyo nakuja kumchukua, atasoma huku kwangu.
Baba yako

11 Februari

Shikamoo Baba,
Pole na magoti. Sisi wazima. Pini ana kigugumizi, unajua. Darasani wenzake walikuwa wakimwiga, mwalimu naye anacheka, mpaka mtoto akaacha kabisa kusema. Hapa ananisomea kwa sauti huku nikishona, na cherehani haimcheki mtu. Usinichukulie mtoto, Baba. Nakuomba.
Mwanao

20 Februari

Marahaba, mwanangu. Natumaini hamjambo.
Maneno matamu hayanibabaishi. Huu hapa mtihani wangu wa darasa la sita, maswali kumi. Msimamie, usimsaidie. Akikosa hata moja, nafunga safari.
Baba yako

2 Machi

Shikamoo Baba,
Magoti yana nafuu? Majibu ya Pini haya hapa. Sikumsaidia, ila nilipoona swali la saba nilisimamisha cherehani. Lisahihishe taratibu.
Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,
Habari za huko? Nimekaa kimya kwa aibu. Nilisahihisha siku ile ile majibu yalipofika: tisa kati ya kumi. Nikafungasha begi.
Swali la saba unalijua. Fundi ana kitambaa mita tatu, sare moja inakula mita moja na robo, atashona sare ngapi? Jibu langu miaka yote ni mbili nukta nne. Pini kaandika: "Mbili. Nusu mita inabaki, inatosha mifuko." Nikampa kosa kwa wino mwekundu.
Basi zipu ya begi ikagoma, nikaipeleka kwa fundi jirani. Nikamuuliza swali lile. Alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Mwalimu, hiyo nukta nne anaivaa nani?"
Ndipo nikakumbuka mtoto mwingine aliyejibu mbili. Nilimpigisha magoti mbele ya darasa asubuhi nzima, wasije wakasema nampendelea binti yangu. Ulikuwa umepata, mwanangu. Nisamehe.
Begi nimelifungua. Lakini naomba nije tu, nikae hapo kando ya cherehani, naye Pini anisomee.
Baba yako

8 Mei

Shikamoo Baba,
Sisi wazima. Barua yako nimeisoma nikalia, kisha nikamsomea Pini. Njoo. Amekutungia maswali kumi. Anasema ukikosa hatakupigisha magoti, yako yameshachoka.
Mwanao