Kengele ya Msiba Uliyotubania

Baba Neema,

Salamu sikuletei. Salamu huletewa mtu aliyeondoka kwa kuaga, na wewe ulikwenda asubuhi kumwagilia maua ya hoteli, presha ikakuangusha, basi. Hilo sikulaumu, ni la Mungu. Ninalokulaumu ni la kwako mwenyewe, na nimeamua kuliandika wazi, walisome na wengine wenye ufundi wanaoubania. Mie shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea herufi utanivumilia, kama nilivyokuvumilia wewe.

Unakumbuka ulivyoanza kuwafundisha kengele wale watoto? Jumamosi mchana, Neema wetu, Deo na Sesi, umewapanga chini ya mnara wa kigango kama makuruta. Mnara wenyewe vyuma viwili vilivyochomelewa, kengele juu. Uliwapigisha hewani kwanza, mikono mitupu, juu, chini, ukiimba "ndi-ndi-ngo" mpaka wauza samaki wa Kunduchi waliokuwa wakipita wakaanza kuwaigiza.

"Mwalimu, kamba yenyewe iko wapi?" Deo akakuuliza.

"Kamba iko kichwani!" ukawajibu.

Nilikuwa nakaanga samaki ng'ambo ya njia, nacheka mpaka mafuta yananirukia. Nilikupenda siku zile, sikufichi. Neema akaiweza kengele ya misa, akaiweza na ya harusi, ile ya mbiombio. Ukawa unatembea kifua mbele utadhani umezaa askofu.

Ila ya msiba uligoma. Mtoto alikuomba mbele yangu: "Baba, na ile ya polepole?" Ukamkata kauli. "Hiyo haina mazoezi. Ukiipiga bila maiti, inamtafuta mtu." Nikakuuliza, na ukifa wewe atapiga nani? Ukacheka. "Nikifa nitashuka kujipigia mwenyewe."

Mbona hukushuka?

Katekista alipopiga simu kutoka hospitali kwamba umetutoka, Neema alitoka mbio, peku. "Kengele ya baba napiga mwenyewe, mama." Angepiga nini? Akapiga anachojua. Nimekaa sakafuni, nasikia kengele inaruka ndi-ndi-ngo, ya harusi, kwa ajili yako. Katikati nilimsikia anajaribu kuipunguza, mkono ukamkatalia, ikarudi mbio. Bi Mwanaidi, jirani yetu, yeye hakanyagi kanisani lakini kengele zetu anazijua zote. Aliingia na vigelegele tangu mlangoni: "Haya shoga, nani kaolewa leo?" Akanikuta vile nilivyo. Kigelegele kikamfia mdomoni.

Watu nao wana midomo. Bombani wasichana wakawa wanamwuliza, "Neema, eti baba yako siku ile alimwoa nani?" Mtoto akaiacha kamba. Akawa anapita njia ya nyuma asiuone mnara. Harusi ikija kanisani, anajifungia ndani. Na mie ndiye niliyebaki naye, Baba Neema. Mie ndiye ninayesimama nje ya mlango wake nikisikiliza kama analia. Unanijua nilivyo, akichelewa tu dukani nishamzika moyoni. Sasa umeniongezea hofu juu ya hofu, eti wewe ulikuwa unaogopa kuita msiba! Msiba hauitwi na mtu. Ulikuja wenyewe, na haukusikia kengele yoyote.

Juzi juzi Deo kaenda Mbezi Luis kupiga debe stendi, akabaki Sesi peke yake, katekista akatangaza anataka wapigaji wapya. Nikamfuata pale pale nje ya kanisa. Nikamwambia, safari hii wafundishwe na ya msiba.

"Mama Neema, nani awafundishe? Wewe kamba yenyewe hujawahi kuishika."

Kweli sijaishika. Lakini miaka yote ile, kila ulipompigia marehemu, mie nilikuwaga jikoni kwangu nasali. Pigo moja, Salamu Maria nzima, ndipo linakuja la pili. Hukunifundisha. Nilikuibia.

Jumamosi hii nimewapanga watoto wapya palepale ulipokuwa ukiwapanga wewe. Neema nilimvuta mkono. Sikumbembeleza, nilikuwa na hasira, tena na wewe, si na yeye. Nikamwambia, "Simama hapa, usali kwa sauti, wenzio wajue pa kungoja." Basi, hilo tu. Wa kwanza akapiga kabla sala haijafika nusu. Wa pili ndiyo kabisa, kama anafukuza mbwa. Neema akashindwa kuvumilia. "Nyie mnakimbilia wapi? Hebu lete!"

Akaishika kamba.

Pigo. Salamu Maria. Pigo. Safari hii alingoja.

Sasa jumuiyani nilishatangaza kuwa ni mazoezi, ila Bi Mwanaidi nilimsahau. Namwona huyo anakuja mbio, khanga inaburuzika upande, kandambili kazishika mkononi. "Jamani, nani? Nani kafa?" Nikafungua mdomo nimwambie hajafa mtu, watoto wanajifunza. Neema akaniwahi, kamba hajaiachia.

"Baba, Bi Mwanaidi. Baba yangu."

Bi Mwanaidi alikaa chini kwenye mchanga, akajifunika khanga usoni, akakulilia. Watoto wapya walishika vichwa. Neema akangoja mlio uishe wote, akasali, akapiga tena.

Kwa hiyo ya kwako imeshapigwa, tena na yule uliyemnyima. Hasira bado ninayo na sitaki mtu anibembeleze niiache. Nitakuja nayo siku yangu ikifika, tutaongea. Wewe pumzika huko. Na usihangaike kushuka, mie nina wa kunipigia.

Ni mie,
Mama Neema