Aliko Ameonekana Ukutani

Mtaa wa Sogea,
Tunduma.
12 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Aliko,

Hujambo huko Doha? Mwili unasemaje, na ule mgongo uliokuwa unaulalamikia kwa kubeba mizigo ya stoo? Unakula vizuri au bado unajidanganya na chai? Sisi huku tunapumua, tunashukuru. Baridi ya Juni imetushika kisawasawa, hata kalamu hii naishika vidole vimekufa ganzi. Diana mwanangu hajambo, amerefuka hadi sketi za shule zinamwaibisha.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Simu yangu siku hizi ni ya ukoo mzima. Ujumbe ukiingia tu, Mama anamwambia Diana, "Nisomee," na Diana naye hajui kuruka neno. Ndiyo maana barua hii nampa Wilbard, huyo mwenzako wa Mkwajuni anayemaliza likizo na kurudi huko Jumamosi. Isome ukiwa umekaa, tena peke yako.

Najua umenikasirikia. Jumapili ulipiga video nusu saa nzima ya mapumziko yako na hakuna aliyepokea. Ukaniandikia kwamba hatuko makini, kwamba umetuma projekta ya gharama halafu tumeshindwa kuiunganisha na waifai. Mdogo wangu, ningekuwa karibu ningekuzaba kofi, halafu ningekukumbatia.

Projekta ilifika salama. Tulitundua kalenda zote, ukuta wa sebuleni ukabaki mweupe. Nikaifungulia waifai kwenye simu yangu, na jina la hiyo waifai nikaliweka Aliko. Nilifanya utani tu, nikijua Mama atafurahi kulisikia. Basi mashine ikawa haiioni kabisa! Diana anabonyeza rimoti, waifai za majirani zote zinajipanga ukutani, hata ya yule muuza vitenge wa Nakonde, upande wa Zambia, yangu haipo.

Jumamosi nikamwita Gwamaka, fundi simu wa hapa mtaani. Akasema projekta hii haisomi ile waifai ya kasi, inataka ya zamani ya 2.4, tena simu ya Diana utakayoipigia na projekta lazima zichote maji kisima kimoja. Sawa. Akabonyeza, akanuna, akabonyeza, mwisho akafuta mipangilio yote ya mtandao kwenye simu yangu. Akaniambia niizime, niiwashe asubuhi, itakubali. Na kweli jina likaja kukubali kuonekana, hilo simnyimi.

Ila Gwamaka ni mtu wa Vwawa, hajaishi mpakani siku nyingi. Wewe umekulia hapa, unajua. Laini zetu tunazifunga kwa mkono zishike Tanzania tu, la sivyo zinavuka mpaka zenyewe bila pasipoti. Alipofuta mipangilio alifungua na hilo fundo. Simu ikanasa mtandao wa Zambia, bando likawa halifanyi kazi, na saa ikarudi nyuma saa nzima. Mimi nimetoka kanisani roho juu, natazama simu: saa saba na dakika tano. Nikasema bado tuna muda, hata wali haujaiva. Kumbe ni saa nane na dakika tano na wewe unapiga! Ulisema saa za Doha na za kwetu ni zilezile, hatuwezi kupotezana. Ulisahau kwamba kwenu ni mpakani.

Sasa hapa ndipo penyewe.

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi tangu tulipotoka ibadani, amevaa gauni lake la pasaka na kitambaa kipya kichwani. Shangazi Ruti alikuwepo, alipanda gari kutoka Ikinga kwa ajili yako. Tumefunga mapazia. Diana akawasha projekta, ukuta ukawa wa bluu mtupu, ikaanza kutafuta. Ghafla mtoto akaruka: "Aliko! Bibi, Aliko ameonekana!"

Alikuwa anasoma jina la waifai.

Mama akainuka kidogo kwenye kochi, uso wote ukamng'aa. Akasema, "Mwanangu! Umenenepa. Na hilo shati jeupe limekupendeza."

Aliko, ukutani hapakuwa na mtu. Palikuwa na bluu, jina lako, na kialama cha kufuli pembeni.

Nilimtazama Shangazi, naye amejiziba mdomo kwa kitenge. Diana ameshika rimoti hewani. Na Mama anaendelea kuongea na ukuta. Anakuuliza kama unalala vizuri. Anakwambia dawa ya matone imemsaidia sana, macho yanaendelea vizuri, usije ukaacha kazi ya watu kwa sababu yake. Akauliza, "Mbona hajibu?" Nikasema sauti bado haijaungana. Mungu anisamehe, nimedanganya siku ya Bwana, na nguo za kanisani sijavua! Akakuombea baraka, akakushukuru kwa lugha yetu, "ndaga", akakaa.

Jumatatu nikambana akiwa anachambua maharage. Nikamwambia wazi kwamba ukutani hukuwepo. Kisha akasema jicho la kushoto nalo limeondoka, kama lile la kulia, tangu kabla ya Pasaka. Anaona mwanga na kivuli, basi. Daktari alishatuambia zamani kuwa presha ya macho ikishachukua hairudishi. Mawe ya maharage anayatoa kwa vidole, mimi nikawa najisifu kwamba mama yangu bado anaona. Naishi naye chumba kwa chumba na sikujua! Akaniapisha nisikwambie. Nikaapa. Leo navunja kiapo, na sijutii.

Tangu siku hiyo situlii. Naanza kufua naacha, naweka chai inachemka mpaka inakauka. Ulisema likizo hii huji, nauli umenunulia projekta ili Mama akuone mkubwa ukutani mpaka mwakani. Nia yako ilikuwa njema, nami niliipigia makofi. Lakini imechelewa, mdogo wangu. Miaka sita huko imetosha. Juzi alimpapasa Diana uso mzima, paji, pua, masikio, akasema, "Huyu anafanana na mjomba wake." Sasa wewe utapapaswa kwa waifai?

Omba ruhusa. Wakikataa, omba tena. Usimwambie Mama kwamba nimekuandikia, sema tu umekumbuka nyumbani.

Shangazi Ruti anakusalimu, amerudi Ikinga analia njia nzima. Diana anakusalimu, anajilaumu bure, umwandikie maneno mawili ya kumtuliza. Gwamaka naye anaomba radhi ingawa bado hajaelewa kosa lake. Bwana akulinde kwenye ngazi za stoo na kwenye joto hilo, akufungulie mlango wa kurudi.

Ni mimi dadako akupendaye,
Tulinagwe.

Tena: Nilikuwa nimeshakunja karatasi. Jioni hii nimeirudisha laini Tanzania, Diana akajaribu mara moja, na projekta imekubali. Ukutani pameandikwa Aliko, chini yake: Imeunganishwa. Diana hakusoma kwa sauti. Mama amesikia mlio wa mashine, akageuza uso ukutani, akasema kwa Kindali, "Aliko?" Unajua kwa lugha yetu jina lako maana yake ni yupo. Sijui alikuwa anakuita, au ananiuliza. Sikumjibu. Njoo umjibu wewe.