Kinaya kwa Penseli ya Baba Mkwe

Baba,

Miaka kumi na miwili nimekaa nyumbani kwako hapa Mwaya kama mke wa mwanao, na maneno yote niliyokuambia hayajazi ukurasa mmoja. Mkwe hasemi na baba mkwe, wala hamtazami. Lakini sijasikia aliyekatazwa kumwandikia marehemu, basi naandika.

Ulipotaka kupita uani ulikohoa ukiwa bado mbali, ili nipate muda wa kujificha. Nami nilichuchumaa migombani, kanga usoni, mpaka nyayo zako ziishe. Ndivyo tulivyoheshimiana.

Kisha siku moja nikakuta juu ya kinu changu riwaya ya kijasusi isiyo na jalada, uliyobaki nayo ulipostaafu ualimu. Sijui nani alikuambia napenda kusoma. Niliimaliza kwa siku tatu, ugali ukaungua mara mbili, nikairudisha palepale. Ikanirudia na maneno ya penseli pembeni. Mahali pengi uliandika neno moja tu: kinaya. Nikakuuliza kwa penseli, ndiyo nini hicho? Ukajibu, "Ni pale msomaji anapojua, na mwenyewe hajui."

Tuliisoma hivyo mara nne, wewe kwako, mimi kwangu. Unakumbuka ile sura ya nyumba ya wageni? Jasusi na mkuu wake wamepanga vyumba vinavyopakana, na mkuu ametoa amri wasionane, litokee litakalotokea. Halafu mkuu anatiliwa sumu. Anagonga ukuta, anagonga, na kijana wake ametulia kitandani, anatii. Nilicheka peke yangu jikoni, nikaandika, "Mjinga huyu! Si aende tu?"

Ukanijibu, "Usimcheke, mwanangu. Kalelewa hivyo."

Baba, siku ile wote walikuwa Ngonga wanavuna. Mimi nilibaki naanika mpunga. Nikakusikia unakohoa, nikakimbilia migombani kama kawaida, nikangoja upite. Hukupita. Ukakohoa tena, vibaya, na hapo nikajua safari hii hukohoi ili nijifiche. Nilijua, Baba. Nilifika mpaka mlangoni kwako. Nikaweka maji kizingitini, nikafunika uso, nikageuka na kukimbia kumwita mwanao shambani. Tuliporudi maji yalikuwa palepale, na wewe umekwisha.

Wazee wananisifu. Wanasema hata siku ya mauti nilikutunzia heshima, wanawaambia mabinti zao waige. Sifa zao zinaniuma kuliko matusi. Hapo ungeandika lile neno lako.

Msibani shangazi alinishika mkono nikutazame, kwa kuwa sasa inaruhusiwa. Kumbe una kidevu cha mwanangu Lusajo. Nimemlea miaka yote hii na sikujua kakitoa wapi.

Mambo yamebadilika. Ghala la ushirika limefungwa, wanunuzi wa kokoa wanakuja wenyewe na magari yao mpaka huku kwetu. Madukani Kyela sabuni imejaa, ya kuchagua. Mwanao yuko njiani na mchele, leo Mbeya, kesho Karonga, na akirudi anasema vitabu ni vya wanafunzi. Nilinunua riwaya nyingine sokoni. Nikaandika pembeni, "Huyu simwamini," nikaiweka juu ya kinu. Najua, ni wazimu. Ikakaa hapo siku mbili, mvua ikainyeshea.

Nimekukosa, Baba. Katika boma hili lote ni wewe uliyenijua, na hatukuwahi hata kusalimiana.

Ndaga, asante kwa yote. Pumzika. Lusajo atakapooa, nitamwita mkewe jikoni kwangu wiki ya kwanza kabisa, nimwambie: siku baba mkwe wako akiugua na hakuna mtu, ingia. Akiniuliza kama si mwiko, nitamwambia ni mwiko, aingie hivyo hivyo.

Mkweo