Mama Anayekaa Nyuma ya Darasa

Hunan, 12 Septemba 2002

Baba, shikamoo. Goti linaendeleaje? Bibi mzima, pilipili zake ameshazianika.

Shule imenipa mwalimu mlezi, Mwalimu Tian. Siku ya Walimu sisi wapya tuliwamiminia walezi wetu chai mbele ya shule nzima. Tangu hapo anakaa nyuma ya darasa langu kwenye kistuli cha watoto, kila kipindi, kimya. Mwisho wa mwaka yeye ndiye atakayesema kama nafaa kuthibitishwa kazini au niondoke.

Mwanao, Qiuyan

Dongguan, 29 Septemba

Marahaba mwanangu. Goti ni lilelile, ila chakula kinapita.

Ukithibitishwa mimi naacha zege narudi nyumbani, kwa hiyo nisikilize. Huku mtu anayekutazama ukifanya kazi, naye hajashika chombo, anatafuta wa kumfukuza. Nilimsomea Xiang barua yako, yule wa kwetu ninayelala naye chumba kimoja. Akacheka: "Mzee Peng, amtazame binti yako bure? Huyo ana mpwa anamtafutia nafasi." Ulizia.

Baba yako

Hunan, 20 Oktoba

Baba, shikamoo. Natumaini baridi haijakufikia huko.

Nimeulizia. Mpwa anaye, kamaliza chuo cha ualimu. Tangu nijue, Mwalimu Tian akikohoa tu, naanza hesabu upya ubaoni.

Mwezi ujao nina somo la wazi. Wageni wa wilaya watanitazama nikifundisha kugawanya na kubakiza. Nilimwonyesha Mwalimu Tian maandalizi, akafuta nusu. "Unaongea mno, binti," akasema. "Wape mayai wagawane. Wewe nyamaza, waache wakosee." Mbele ya wageni, baba!

Mwanao, Qiuyan

Dongguan, 3 Novemba

Qiuyan, mimi mzima, wewe ndiye unanitia wasiwasi. Si nilikwambia? Mwitikie "ndiyo, mwalimu", halafu fanya yako. Wakaririshe watoto majibu mapema, wayajue kama majina yao. Yeye asijue.

Baba yako

Dongguan, 8 Desemba

Mwanangu, hujambo? Mbona kimya? Kama yule mama amekuharibia, sema, nipande treni nije nimuulize mwenyewe.

Baba yako

Hunan, 20 Desemba

Baba, shikamoo. Mwili mzima, moyo sijui.

Nilifanya ulivyosema. Watoto walijibu kabla sijamaliza kuuliza. Mgeni mmoja akasimama, akabadilisha hesabu: mayai kumi na saba, watu watano. Darasa zima likainamia madawati.

Ndipo Mwalimu Tian akanyoosha mkono pale kwenye kistuli, kama mtoto. "Mwalimu, mimi nimekwama. Kila mtu nimempa matatu. Haya mawili niyapeleke wapi?"

"Bibi, uyale wewe!" mtoto mmoja akamcheka.

"Hapana, yakate vipande!"

"Yai bichi ulikate, mjinga wewe?"

Wakabishana mpaka wakafika wenyewe kwenye jibu. Mimi nilinyamaza.

Baadaye wageni wakauliza nani aliwakaririsha watoto. Nilikuwa nafungua mdomo, Mwalimu Tian akanitangulia: "Mlezi wake ni mimi." Basi. Kumbe mlezi na mwalimu wake mpya hupimwa pamoja. Cheo alichokuwa akikingojea kimempita, na mimi wameniacha kazini.

Nilimuuliza kuhusu mpwa. "Yule? Anauza viatu Changsha. Watoto anawaogopa." Nikamuuliza kwa nini alinikinga. Akaniambia nifute ubao.

Nikimweleza mkuu wa shule ukweli, huenda wakaniondoa. Nifanyeje?

Mwanao, Qiuyan

Dongguan, 4 Januari 2003

Marahaba mwanangu. Baridi imefika, ila tunafanya kazi.

Barua yako nimeirudia mara nyingi nikitafuta anachotaka huyo mama. Sikioni, na hilo ndilo linalonisumbua. Xiang anasema, "Subiri, atakuja kudai." Labda. Huku ukuta ukianguka kila mtu anamwonyesha mwenzake kidole. Sijawahi kuona mtu akijinyooshea mwenyewe, kwa hiyo bado simwamini.

Lakini ushauri ule ulikuwa wangu. Haiwezekani huyo mama akose cheo kwa maneno yangu, na hata kunijua hanijui. Nenda kwa mkuu. Mwambie aliyekufundisha ujanja ule ni baba yako, Peng Dekui, mchanganya zege, anapatikana Dongguan. Usiningoje nikujibu tena, nenda.

Wakikuondoa, rudi kwa bibi ule ushibe. Msimamizi nimeshamwambia aniandike tena mwaka huu.

Baba yako