Nimepanda Nyanya Zako, Bi Mkubwa

Kwako Bi Mkubwa wangu,

Shikamoo. Najua huko uliko huitikii, lakini mdomo wangu haujazoea kuanza na wewe bila shikamoo.

Mwaka umepita tangu tukuzike Kidete, na sasa sikulilii tena mbele za watu. Wanashangaa mke mdogo kumlilia mke mkubwa. Mume wetu alipofariki walidhani tutagawana vyombo na kila mmoja ashike njia yake. Wakatukuta shambani kando ya mto, tunagombania nyanya.

Na tuligombana kweli. Wewe ulitaka zile nene, zenye nyama na mbegu chache, kwa ajili ya chupa zako. Bibi maendeleo alikufundisha kuzichemsha, kuzijaza zikiwa za moto na kuyeyushia nta ya mshumaa juu ya kizibo, basi ukajiona umemaliza chuo. Mimi nilitaka zangu laini, za kachumbari, zinazochuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Hayo ni maji yaliyovalishwa ngozi," ulikuwa ukiniambia. Nami nakujibu zako ni viazi vilivyopakwa rangi. Unacheka mpaka unaketi kwenye tuta.

Sasa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, huku juu, mbali na mto wetu Mkondoa. Majirani ni wema, tunalima shamba la pamoja, tunaimba. Jioni kila mtu anaingia kwake, na kwangu hakuna wa kuniuliza nimepika nini. Upweke huu sikuujua, Bi Mkubwa. Maji nabeba kichwani, yanatosha tuta moja tu. Nilikuja na mbegu zako na zangu, zimehifadhiwa kwenye majivu kama ulivyozoea, ikabidi nichague.

Nimepanda zako. Usijisifu. Nyanya zangu zikiiva leo zinataka kuliwa leo, tena na watu wawili, mmoja akate kitunguu. Zako zinakaa kwenye chupa zikimngoja mtu aliye peke yake.

Zimezaa vizuri. Mche ulio bora nimeufunga kipande cha kanga yako, usichumwe, uwe wa mbegu. Juzi nikachuma moja kwenye mche mwingine, nikaitia chumvi, nikaila mbichi palepale. Kavu.

"Kiazi kilichopakwa rangi," nikasema kwa sauti. Kisha nikakupa nafasi ya kunijibu.

Lala salama, mwenzangu.

Mimi mdogo wako,
mke mwenzako