Nusu Mbili za Mkono Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Wamenikubali! Dokta ametuita ofisini kwake, akafunga mlango, akasema nimeingia kwenye utafiti. Mama aliuliza mara kadhaa kama ni kweli. Mimi sikuuliza. Niliogopa atabadili mawazo.

Niandike vizuri, maana mwenyewe nataka kuelewa. Tangu mpini wa sufuria uchomoke na maji ya moto ya kuoga yanimwagikie, mkono wangu wa kushoto una kidonda kutoka karibu na kiwiko mpaka kwenye kifundo, pale kiganja kinapoanzia. Kidonda cha namna hii hupona, ila huacha kovu, na kovu likikaa kwenye kifundo huvuta. Kiganja hakikunjuki tena. Naandika kwa kulia, lakini kwenye mpira wa pete narusha kwa kushoto. Ndiyo maana silali vizuri.

Sasa watachukua mafuta kidogo ya tumboni mwangu, watoe humo seli shina, wazioteshe maabara, halafu wazipake kidondani pamoja na jeli. Dokta anasema ni seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Anatumaini zitaisaidia ngozi kujijenga upya badala ya kuzibwa tu na kovu. Nimemweleza Bibi, akasema: "Kama wewe. Unakaribia kumaliza shule na hujaamua utakuwa nini." Nimecheka mpaka kidonda kikauma.

Jumamosi, 8 Juni

Wameshachukua. Kijitundu chini ya kitovu. Sikulia. (Kidogo.)

Ijumaa, 21 Juni

Seli zimekua. Leo zimepakwa — lakini nusu tu!

Dokta alichora mstari wa wino wa zambarau katikati ya kidonda. Nusu ya juu upande wa kiwiko, nusu ya chini upande wa kifundo. Moja imepata jeli yenye seli, nyingine jeli tupu. Ipi? Wanajua watu wa maabara peke yao. Hata Dokta hajui. Anasema akijua, jicho lake litapendelea. Baada ya miezi kadhaa watapima, na wakiona seli zimeleta ngozi ya kweli, ile nusu iliyokosa itatolewa kovu na kutibiwa vilevile. Kwa hiyo kifundo changu kina nafasi mbili. Nafasi mbili!

Sharti: bendeji afungue Sista wa kliniki tu. Kisipakwe kitu. Wala asali, wala mafuta, wala dawa ya jirani. Dokta alisema hayo akimtazama Bibi. Bibi akatazama dari.

Alhamisi, 4 Julai

Sista amefungua. Nusu ya juu imeanza kufunga, waridi, laini kama ndani ya mdomo. Ya chini bado mbichi, ina vinundu, inavuja maji. Na ndiyo ya kifundo.

Hakuna haja ya kuambiwa. Seli ziko juu. Hata rafiki yangu Redio (jina amelipata kwa kutozimika) ametangaza darasani kwamba mkono wangu una daraja la kwanza na daraja la tatu.

Bibi aliitazama nusu ya chini muda mrefu. Njiani akawa ananung'unika: "Watoto wawili, mama mmoja. Mmoja apewe, mwenzake anyimwe. Ndiyo elimu gani hiyo?"

Jumanne, 9 Julai

Bibi jamani! Bibi!

Nilirudi kutoka shuleni nimechoka, nikapitiwa na usingizi kwenye kochi. Naamka, bendeji ina doa. Nanusa — mafuta ya nyonyo. Bibi hakukana. Alifungua, akapaka nusu ya chini juu ya shashi, kile kitambaa chepesi kilichogandia kidonda, akafunga tena. Tena kafunga vizuri kuliko Sista. "Nimeionea huruma," akasema.

Nililia, akashangaa. Nikamweleza kwamba naweza kutolewa kwenye utafiti, na nikitolewa, nusu iliyokosa haitibiwi tena. Huyo huyo mtoto wa chini anayemwonea huruma ndiye aliyemfungia mlango. Bibi akakaa kitako, akaifunika chupa ya mafuta.

Mama anasema tuoshe, tukae kimya, ni tone tu, nani atajua. Sijui. Nikificha na nusu ya chini ikapona, wataandika uongo bila kujua ni uongo, na watoto wengine walioungua watatibiwa kwa uongo huo. Nikisema, huenda ndiyo kwaheri ya kifundo. Naona nitasema.

Alhamisi, 11 Julai

Nilipanga sentensi yangu tangu kwenye ngazi za kliniki. Sikupata nafasi ya kuisema. Dokta hajakaa vizuri, Bibi kasimama.

"Mwanangu, mkosaji ni mimi. Nimepaka mafuta. Huyu mtoto usimtoe. Nitoe mimi."

"Kwani wewe, Bibi, umo kwenye utafiti?"

"Kama sikuwemo, basi nimetoka hivyo hivyo."

Sista akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Dokta hakucheka. Aliosha kidonda taratibu, akachukua kipimo kwa pamba, akaandika kila kitu. Atawauliza wakubwa wake. Alisema tungeficha na yeye akagundua, asingekuwa na la kuuliza. Mama akatazama viatu vyake.

Alhamisi, 18 Julai

NIMEBAKI!!! Kipimo ni safi. Mafuta yaliishia kwenye shashi, hayakufika ndani. Wakubwa wamesema itaandikwa tu. Bibi amepigwa marufuku kukaa na bendeji bila shahidi.

Nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 16 Agosti

Hakuna bendeji tena! Kidonda chote kimefunga. Upepo unapita mkononi, nilikuwa nimesahau unavyokuwa.

Juu ni tambarare, panang'aa. Redio anasema pamepigwa pasi. Chini pana rangi mbili na mikunjo midogo, panawasha. Lakini kiganja kinakunjuka! Si chote. Nimerusha mpira uwanjani, umegonga pete, ukatoka. Nimefurahi kana kwamba umeingia. Dokta anasema tusifurahi kwa macho tu, tungoje kipimo.

Alhamisi, 19 Septemba

Naandika nikiwa kliniki. Mkono wa kushoto hauruhusiwi kuondoka mezani, wa kulia hauna kazi, basi uandike.

Hiki ndicho kipimo. Kovu halitoi jasho. Ngozi ya kweli hutoa. Sista amenipaka aidini, ile dawa ya kahawia ya vidonda, ikakauka, akanyunyizia unga wa wanga juu yake. Sasa mkono ni mweupe kama wa mwokaji mikate. Wamefunga madirisha, wamewasha hita. Kila tone la jasho litageuka nukta nyeusi yenye rangi ya bluu. Bibi ametoa kanga aanze kunipepea, Sista akapiga kelele: "Bibi! Tunataka joto!" Maskini, yeye mwenyewe analoa. Mama anasema angepakwa yeye tungeshamaliza.

Nukta zimeanza, ila nje ya kidonda, kwenye ngozi yangu ya zamani. Nyingi, kama pilipili manga.

Nusu ya juu: nyeupe.

Dokta ameinama na kioo cha kukuzia. Ameomba hita iongezwe.

Juu bado nyeupe. Ile laini, nzuri, ya daraja la kwanza — kavu kama sahani. Mama ameacha utani. Ananishika bega. Kama hata hiyo haitoi jasho, basi seli hazikufanya kitu, na hakuna nafasi ya pili.

Kuna nukta.

Moja. Chini ya mstari! Katikati ya mikunjo, pale pale kifundoni. Nimedhani ni uchafu. Sista anasema usiguse. Ya pili, pembeni yake. Bibi anauliza kuna nini, aambiwe. Dokta amenyoosha kidole bila kugusa, anahesabu kimya kimya, midomo tu inacheza. Ya tatu. Ya nne! Basi seli zilikuwa chini, kifundoni, na ile laini ya juu ndiyo kovu.