Mkaa Niliounyunyizia Maji

Mpendwa Bi Farida, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba jina langu ulifiche, maana haya nikijulikana nimeandika mimi sitakuwa na pa kuweka uso wangu hapa Chanika.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na tisa, nimeuza mkaa wa magogo Gongo la Mboto miaka kumi na sita, wa kopo na wa gunia, mpaka mume wangu alipofariki na mdogo wake, shemeji yangu Mwinjuma, akaniingiza kwenye kikundi chao cha mkaa wa maranda. Sisi tunachukua maranda kwa mafundi seremala wa Keko, tunayachoma kwenye mapipa, tunachanganya na uji wa muhogo ili yashikane, tunakandamiza kwa mashine, halafu vipande vinaanikwa kwenye chanja siku nane, na kazi ya chanja ilikuwa ya Mwinjuma, alikuwa anavunja kipande karibu na sikio asikie kinavyolia ndipo aseme hiki kimekauka. Hapa mjini mkaa wetu watu hawautaki, wanasema hauna moto, na wenye uwezo wamehamia kwenye gesi, basi tulikuwa tunauza kwa kubembeleza mpaka akaja wakala mmoja kijana, Suhaib, akasema Maskati wanautafuta wa kuchomea nyama na bei ya huko ni mara tatu ya hapa. Tukahangaikia vibali miezi mitano, tukapata mzigo wa kontena moja, Suhaib akaupima unyevu kwa kifaa chake, akatoa cheti kwamba ni mkavu kabisa.

Sasa asubuhi ya kupakia, wenzangu walikuwa jikoni wanapikia wageni na Mwinjuma amekwenda barabarani kulielekeza lori, nikabaki peke yangu na mifuko ambayo ilikuwa haijashonwa midomo, nikaona mkaa umepauka, una vumbi la kijivu, na kule Gongo la Mboto mkaa ukipauka unaunyunyizia maji kidogo ung'ae na usimchafue mteja, basi nikachukua ndoo yangu ya bluu na fagio la chelewa nikanyunyiza mfuko mmoja baada ya mwingine, na nisikudanganye Bi Farida, nilijua pia kwamba wale wananunua kwa kilo.

Kontena lilikaa njiani siku kumi na tisa. Walipolifungua kule mkaa umeota ukungu mweupe na unanuka muhogo uliooza, mnunuzi akaukataa wote, tena akasema cheti chetu ni cha uongo, na gharama ya kuuteketeza hukohuko tukabebeshwa sisi, Jesca mwenyekiti wetu akauza cherehani yake. Kikao kikakaa kutafuta mchawi. Wakasema Mwinjuma ndiye, kwamba alimpimisha wakala mifuko mikavu ya juu na mibichi akaificha chini ili awahi kumaliza, wakamwita mwizi mbele ya watu na wakamfukuza, na mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye mkeka nikakubali kwa kichwa.

Wiki iliyofuata alikuja kwangu, akaketi, akanywa maji, akaniambia, "Shemeji, siku ile mie nilikuona na ndoo, nikajua unanyunyiza uwanja ufagie. Sitakusema. Marehemu kaka alinikabidhi nyie." Akaondoka. Sasa hivi anabeba kokoto kwenye majengo Kinyerezi na umri wake ni miaka sitini kasoro mbili, na mkewe Tabu, ambaye hajui kitu, bado ananiletea bakuli la mboga kila Jumapili kwa kuwa mimi ni mjane.

Suhaib amerudi, anasema mnunuzi atakubali kontena moja la majaribio tukimwonyesha chanzo cha tatizo na dawa yake. Jesca anataka kikundi kikope tununue tanuri la kukaushia, na ataweka kiwanja chake dhamana. Mkutano wa kupitisha ni Jumamosi hii. Na mimi ndiye wamenipendekeza nishike chanja badala ya shemeji. Je, nikubali, au nijitoe taratibu kwa kisingizio cha miguu, au nifanye nini? Chakula hakipiti.

Mjane, Chanika


BI FARIDA ANAJIBU

Marahaba. Barua yako ni kurasa tatu. Nimesoma habari za miguu yako, za chakula chako na za uso wako. Neno la kuomba radhi nimelitafuta mara mbili, sijaliona.

Nianze na pale ninapokuonea huruma, maana ni padogo. Mama yangu mzazi aliuza mkaa, na fagio la kunyunyizia ninalijua. Mkaa wa Gongo la Mboto unanunuliwa asubuhi na jioni ni majivu, maji yako hayana muda wa kumdhuru mtu. Huu wa kwenu una muhogo ndani, ukafungiwa kwenye sanduku la chuma, juani, siku kumi na tisa. Hukujua, na hakuna aliyekufundisha. Biashara yenyewe nayo ni ya kikatili. Mzigo unahukumiwa mbali, na mtu usiyemwona, na akiukataa mnalipa nyinyi kuuchoma. Hapo nalia pamoja na wewe.

Lakini mama, kilo ulizijua. Umeandika mwenyewe. Na hata hizo kilo ningekusamehe, maana tamaa ya ndoo moja ni tamaa ndogo. Kichwa chako je? Ulikitikisa ukiwa na akili timamu, mzee wa watu anaitwa mwizi, ndugu wa marehemu mumeo, aliyekushika mkono ulipokuwa huna kitu. Halafu unakula mboga za mkewe. Hayo si mazoea ya kuuza mkaa.

Sasa unaniuliza kama ukubali cheo chake. Usinitanie.

Lile tanuri mnalotaka kukopea halina kazi. Mkaa wenu ulikuwa mkavu, na Mwinjuma aliujua ukavu wake kwa sikio bila tanuri. Jesca ameshauza cherehani kwa ajili ya ndoo yako, sasa unamtazama anapeleka na kiwanja. Ukijitoa kimyakimya kwa miguu mibovu, kiwanja kinakwenda vilevile.

Fanya hivi. Leo nenda kwa Mwinjuma, na useme Tabu akiwa amekaa hapohapo asikie. Usipeleke sukari wala khanga, peleka mdomo. Atakachokuambia Tabu, kipokee. Ukitoka hapo nenda kwa Jesca kabla hajagusa hati yake. Jumamosi usimame mwenyewe, mbele ya walewale waliomwita mwizi, utaje ndoo, utaje fagio, utaje na kilo. Suhaib akiwepo, vizuri zaidi, maana chanzo anachokitafuta mnunuzi ni wewe na dawa yake haina mkopo: mifuko ishonwe midomo palepale inapopimwa, na maji yasisogee. Mtu wa chanja mnaye, yuko Kinyerezi.

Wanaweza kukufukuza. Wakikufukuza, ondoka, na usianze kusimulia ulivyoonewa. Gongo la Mboto bado wananunua mkaa na kazi hiyo unaiweza.

La mwisho. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Ila vikundi vya mkaa wa maranda vilivyokataliwa kontena hapo Chanika sidhani kama ni viwili. Barua hii ningeweza kuiweka wiki ijayo, mkutano ukiwa umepita. Nimeitoa leo Ijumaa kwa makusudi. Shemeji yako amekutunzia siri hii akibeba kokoto, na mimi si shemeji yako. Jesca ananunua gazeti saa ngapi unajua wewe. Wahi.